Chama cha KPU cha 1966 kiliuawa matawini kabla hakijapigwa marufuku. Vyama vya kushoto vya leo vinatafuta nini Ikulu?

Mwana Bondeni (mwenye uzi), Nakuru

Wadau, salamu kutoka Nakuru. Uchaguzi wa Agosti 2027 hauko mbali, na tayari nasikia majina ya vyama vipya vinavyojiita vya wanyonge, vya vijana, vya wafanyakazi. Kila vikitajwa, lazima atokee mtu aseme: havifiki popote hivyo, Mkenya hupigia kabila kura. Jibu hilo limezoeleka mpaka hakuna anayeuliza limetoka wapi. Mimi silikubali, na ushahidi wangu wa kwanza ni mji huuhuu ninaokaa.

Mbunge wa Nakuru Mjini aliyechaguliwa 1963 alikuwa Ramogi Achieng Oneko. Mjaluo wa Uyoma huyo, mmoja wa wale sita wa Kapenguria, walioshtakiwa na mkoloni, Kenyatta akiwemo. Alichaguliwa katikati ya Bonde la Ufa, katika mji wa reli na viwanda uliochanganya Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo, Wakalenjin na Wahindi. Hakuna aliyemwambia arudi kwao akagombee huko. Miaka mitatu baadaye kiti kikamtoka. Kilichotokea katikati ndicho kinachonifanya niandike uzi huu.

Chama cha KANU kilichoshika nchi kilikuwa na watu waliokubaliana juu ya bendera wakatofautiana juu ya shamba. Upande mmoja walikuwa kina Jaramogi Oginga Odinga, Bildad Kaggia, Oneko na Pio Gama Pinto: ardhi iliporwa, irudi kwa wasio na ardhi bila kulipiwa. Upande wa pili walikuwa Mzee Kenyatta, Tom Mboya, Mwai Kibaki na wenzao: mzungu anunuliwe shamba lake, Mwafrika akopeshwe alinunue. Kwa mtu wa Nairobi huo unaweza kuwa mjadala wa vitabuni. Hapa Nakuru ulikuwa mjadala wa wapi utalala. Mtu alizaliwa skwota kwenye shamba la mzungu, baba yake alizikwa humo, halafu uhuru unakuja na kumwambia achukue mkopo wa skimu au ahame.

Kaggia alitoka serikalini 1964 kwa sababu ya jambo hilohilo. Februari 1965 Pinto akapigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi. Mwaka huohuo ukaja waraka wa serikali nambari 10 wa "Ujamaa wa Kiafrika", ambao ujamaa wake uliishia kwenye jalada. Na ni mwaka huo Mzee alimsimanga Kaggia hadharani, kwamba wenzake aliofungwa nao wamejijenga, yeye amejifanyia nini? Nikiulizwa siasa ya Kenya ya miaka sitini iliyofuata imekaaje, nitalitaja swali hilo kabla ya katiba yoyote.

Machi 1966 mkutano wa Limuru ukakigawa cheo cha Jaramogi cha makamu wa rais wa KANU kuwa vyeo vinane vya mikoa. Aprili akajiuzulu umakamu wa rais wa nchi na kuongoza Kenya People's Union, KPU, alama yao dume, Kaggia akiwa naibu wake. Oneko, waziri wa habari, akawafuata. Walitoa tamko lao wakaliita Azimio la Wananchi: ardhi kwa wasio nayo, elimu ya bure, uchumi utolewe mikononi mwa makampuni ya kigeni.

Serikali haikungoja. Aprili hiyohiyo katiba ikabadilishwa: ukihama chama kilichokupeleka Bungeni, unarudi kwa wapiga kura. Baadhi ya waliokuwa wamehama wakaanza kutafuta mlango wa kurudia KANU. Juni 1966 ukafanyika ule uchaguzi mkuu mdogo wa viti 29. Sasa soma hapa taratibu, kwa sababu shuleni hatukufundishwa. Ukijumlisha kura zote, KPU ilipata nyingi kuliko KANU. Lakini ilitoka na viti 7 vya Bunge na 2 vya Seneti, KANU ikachukua 12 na 8. Nyanza ya Kati walishinda kwa kishindo, kwingineko karibu kote wakashindwa kwa tofauti ndogondogo na kubwa. Kaggia alianguka Kandara. Oneko alianguka hapa kwetu.

Hao wawili ndio waliokuwa daraja la chama kutoka Nyanza kwenda kwingine. Walipoanguka, ikawa rahisi kusema KPU ni chama cha Wajaluo. Lakini haikutosha kusema tu, ilibidi kazi ifanywe ili iwe kweli. Na kazi yenyewe ilifanywa chini kabisa. Msajili alikataa kusajili matawi. Mkuu wa wilaya, yaani DC, alinyima leseni ya mkutano. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ikarudi 1966 hiyohiyo, na wa kwanza kuionja walikuwa watu wa KPU na wa vyama vya wafanyakazi. Kaggia alifungwa 1968 kwa kuhutubia mkutano usio na leseni.

Kilele kwangu si Kisumu 1969. Ni uchaguzi wa mabaraza wa 1968. Wagombea wote wa KPU nchini waliambiwa hati zao za uteuzi hazikujazwa sawasawa. Wote! KANU ikapita bila kupingwa.

Jiulizeni. Serikali ina jeshi, ina redio, ina Bunge lililojaa. Wapinzani ni wabunge wachache. Kwa nini ihangaike na madiwani? Kwa sababu wakati ule diwani hakuwa mtu wa kukata utepe. Hadi 1970 mabaraza ndiyo yaliyoendesha shule za msingi, zahanati na barabara mashambani. KPU ingepata hata mabaraza machache, ingeonyesha shule na dawa badala ya hotuba. Na jimbo la pili lingeuliza mbona sisi hatuna. Baada ya 1969 kazi hizo zikapelekwa Nairobi, mabaraza yakabaki na leseni za soko na mishahara isiyolipwa.

Kilichofuata mnakijua. Mei 1969 KPU ilishinda uchaguzi mdogo wa Gem, mgombea wake akiwa Wasonga Sijeyo. Julai Mboya akauawa. Tarehe 25 Oktoba Mzee akaja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ambayo wenyeji mpaka leo huiita Russia. Umati ukaimba "Dume!", maneno yakarushwa jukwaani, risasi zikafuata. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Wenyeji husema ni wengi zaidi. Siku tano baadaye chama kikapigwa marufuku, viongozi kizuizini. Nasema kilikuwa kimeshauawa mwaka mmoja kabla.

Sasa njooni kwa warithi. 1982 Jaramogi na George Anyona walitaka kuanzisha chama cha kisoshalisti. Bunge likakimbizana na sheria ya chama kimoja Juni hiyo. Vyama vingi viliporudi, jina la kushoto lilibebwa na chama cha SDP. 1997 SDP ilimpa Charity Ngilu tiketi ya urais, ikapata asilimia kama 8 na wabunge 15. Ilipendeza. Ila wapiga kura hao walikuwa wa Ngilu na wa Ukambani, na alipoondoka waliondoka naye. 2002 SDP ikamsimamisha James Orengo: kura 24,524 nchi nzima. Na Ugenya kwake akapoteza. 2019 SDP ikabadili jina ikawa Communist Party of Kenya, CPK, chini ya Mwandawiro Mghanga, mtu aliyeonja jela ya Moi na ambaye simvunjii heshima. 2022 chama hicho chenye nyundo na mundu kikaingia Kenya Kwanza, muungano wa Ruto. Kikapasuka, waliokataa wakaenda zao wakaunda chao.

Kama kuna wadi ambayo SDP au CPK imeishika kwa miaka kumi mfululizo, watu wakijua ofisi iko wapi na nani anafungua mlango, nionyesheni. Mwaka wa uchaguzi ukifika wanajadili mgombea urais na muungano wa kuingia. Yaani dola ya 1968 iliielewa siasa ya kushoto kuliko wanaoifanya leo.

Karibuni. Mwenye matusi aanzishe uzi wake.

---

Kijana wa Kondele

Mzee umeandika vizuri lakini uko nyuma ya wakati. Maandamano ya Juni 2024 nani aliyaongoza? Hakuna chama. Hakuna tawi. Simu na miguu tu. Mswada wa fedha ulipita Bungeni tarehe 25, tarehe 26 rais akatangaza hatausaini. KPU yako ilifanya hivyo lini? Sisi vyama tumeviona. ODM ya Raila tumeipigia kura tangu tuzaliwe, na wiki chache baada ya wenzetu kuzikwa watu wake wakaingia baraza la mawaziri.

---

Mwana Bondeni

Mdogo wangu, nawapigia saluti kwa Juni ile, na waliokufa wasisahaulike. Ila Desemba mwaka huohuo si baadhi ya kodi zilirudi kwa sheria nyingine? Nani alikuwa barabarani? Maandamano huzuia, na kuzuia ni kazi kubwa. Lakini bajeti ya kaunti hupitishwa kila mwaka, na vikao vya kamati hukaa Jumanne saa nne asubuhi wakati wewe uko kazini. Pale lazima uwe na mtu wako anayelipwa kukaa.

---

Mtu wa Tanga

Nawasalimu kutoka upande wa pili wa mpaka. Swali dogo mkuu. Hilo Azimio la Wananchi lilikuja kabla au baada ya Azimio la Arusha? Huku tulifundishwa kwamba Kenya ilikuwa ya mabepari tangu asubuhi.

---

Mwana Bondeni

Kabla. La KPU ni 1966, Arusha ni Februari 1967. Tofauti ni kwamba lenu lilitangazwa na chama kilichokuwa na serikali mkononi. Letu lilitangazwa na watu waliokuwa wakitafuta leseni ya mkutano.

---

Nyar Nyakach

Ndugu wa Bondeni, nimesoma hadi mwisho na nina ugomvi nawe. Umemlaumu msajili, umemlaumu DC, umemlaumu Mzee. Sisi wa huku hujatugusa, kana kwamba tulikuwa malaika.

Mimi nimekua nikisikia habari za KPU kwa wazee wa ukoo. Niliyoyasikia ni Jaramogi, Jaramogi, Jaramogi. Azimio la Wananchi sijawahi kusikia mzee hata mmoja akilitaja. Walijua dume, walijua kofia na mgwisho. Walimfuata Ker, mtu aliyeongoza Luo Union kabla ya siasa za chama, aliyewaletea heshima. Angehamia chama cha mabepari wangemfuata vilevile. Kwa hiyo usituambie kura za 1966 za Nyanza zilikuwa za ujamaa. Zilikuwa za mtu wetu aliyeonewa.

Na tabia hiyo haikufa naye. Ford-Kenya, halafu NDP, LDP, ODM. Chama kinabadilika, nyumba ni ileile. Tangu Baba, Raila wa Jaramogi, atutoke Oktoba 2025 watu wanatafuta nani wa kumfuata, na hakuna anayeuliza afuatwe kwenda wapi. Mkishaanza kumwita mtu Baba, mkutano wa tawi wa nini? Unampigia baba kura ya kutokuwa na imani naye?

---

Mwana Bondeni

Dada, hilo limeniingia. Nakupa nusu.

Nusu nyingine siitoi. Tazama Gem 1969. KANU iliweka Mjaluo, KPU iliweka Mjaluo. Serikali ilikuwa na Mboya, Mjaluo mwenye akili na fedha za kampeni. Kama kura ni ya kabila tu, kabila lilikuwa pande zote mbili. Watu walichagua upande uliokuwa ukipigwa. Naita hiyo siasa, hata kama haikutoka kwenye kijitabu.

Na hili la Jaramogi kuwa kila kitu, nani alimfanya awe kila kitu? Ukinyima chama matawi, ukifunga makatibu wake, kinachobaki ni jina la kiongozi. Jina ndilo kitu pekee kisichohitaji leseni.

---

Nyar Nyakach

Sawa kwa 1969. Lakini tangu 1991 leseni zipo, na bado jina ndilo linalopigiwa kura. Miaka yote hiyo huwezi kumlaumu DC.

---

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Mulembe wote. Vijana na mabinti, niruhusuni niongeze kitu kwa upande wa Magharibi, maana kila mkisema KPU mnaruka kutoka Nakuru mpaka Kisumu kana kwamba hakuna watu katikati.

Kwa nini KPU haikushika Uluhyani, palipokuwa na maskini tele? Sababu kubwa ni KADU. Viongozi wengi wa huku pamoja na wa Bonde la Ufa, kina Masinde Muliro na Daniel arap Moi, walikuwa KADU, chama kilichotaka majimbo ili ardhi ya kila jimbo ilindwe na wenyeji. Novemba 1964 KADU ilijivunja ikaingia KANU. Watu hulihesabu jambo hilo kuwa ushindi wa umoja. Kwa mrengo wa Jaramogi lilikuwa pigo kubwa kuliko Limuru, kwa sababu wahafidhina waliongezeka ndani ya nyumba mara moja. Mizani ya Limuru ilipimwa siku hiyo.

Halafu suala la ardhi lenyewe. KPU ikisema ardhi igawiwe wasio nayo bure, mtu wa Kandara anasikia haki. Mtu wa Trans Nzoia au wa Nandi anajiuliza: asiye nayo yupi, na anatoka wapi? Maneno mamoja, masikio mawili. Hapo ndipo ninapotofautiana na mwenye uzi. Hata wangeachiwa matawi yao yote, swali hilo lingewasumbua Kitale na Eldoret. Ujamaa wa ardhi katika nchi ambayo mkoloni aligawa watu kwa mipaka ya makabila si jambo la kumaliza kwa azimio.

Nami si adui wa hoja yako. Elimu ya bure ya msingi, ambayo KPU iliahidi 1966, ilikuja kutekelezwa 2003. Aliyeitekeleza ni Kibaki, aliyekuwa upande wa pili wa ugomvi ule. Nilikuwa darasani Januari hiyo. Watoto walifurika mpaka nje. Hakuna aliyewataja Kaggia wala Oneko.

---

Mwana Bondeni

Mwalimu, shikamoo. Hilo la KADU nililipita haraka na wewe umeliweka panapostahili. La Trans Nzoia sina jibu lake la rahisi. Nakuru tunalijua kwa uchungu, 1992 na 2008 tuliona mtu asiye na ardhi akimchoma mwenzake asiye na ardhi, na mwenye ekari elfu amelala salama.

---

Hustler Mkweli

Nyie bado mko na ukomunisti? Ulikufa 1991, mazishi yalifanyika Moscow. Wajackoyah aligombea urais kwa bangi na sumu ya nyoka 2022, akapata kura elfu 61 na ushee, zaidi ya mara mbili ya Orengo wenu. Watu wanataka pesa mfukoni.

---

Mwana Bondeni

Ndugu Hustler, kwa asilimia wamelingana, wote hawakufika hata nusu ya asilimia moja. Na jina lako lenyewe ni la kushoto, hujui tu. Ruto aliyekuambia 2022 kuna mama mboga na watu wa boda upande huu, na koo za matajiri upande ule, alikopa lugha ya Kaggia bila kumrudishia mwenyewe. Lugha hiyo ilishinda uchaguzi wa nchi hii! Kwa hiyo usiniambie Mkenya haisikii. Anaisikia sana, hata ikisemwa na tajiri.

---

Mkulima wa Mumias

Mimi sina elimu ya vyama. Nina miwa. Niliuza kwa kiwanda kikubwa kilichokuwa fahari ya Magharibi yote, kikaanguka, tukabaki na madeni ya kutolipwa. Wengine wamekufa wakidai. 2025 serikali ikavikodisha viwanda vyake vinne, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, kwa watu binafsi, miaka 30. Sikatai wala sikubali, labda vitasaga. Ila nauliza: hao wa nyundo na mundu walikuwa wapi? Hapa kuna wakulima, kuna wafanyakazi wa kiwanda wanaodai mishahara, kuna wakataji miwa wanaolipwa kwa tani. Kama kuna mahali chama cha wafanyakazi na wakulima kingepaswa kupiga kambi, si ni ukanda wa miwa? Sijawahi kumwona hata mmoja kwenye mkutano wa wakulima. Waliokuja walikuwa wa vyama vikubwa, walitupa fulana.

---

Mwana Bondeni

Mzee wa Mumias, ungeandika wewe uzi huu mimi nisingehangaika.

Wadau, tazameni hilo. Mkataji miwa wa Muhoroni na wa Mumias, mmoja Mjaluo, mmoja Mluhya, mizani yao ni ileile na malalamiko yao ni yaleyale. Hakuna kabila linalowatenganisha pale kwenye tani. Wanaotenganishwa ni kwenye sanduku la kura, kwa sababu aliyekuja kuwasalimu alikuja na fulana ya kabila na hakuna mwingine aliyekuja.

---

Kijana wa Kondele

Sawa mzee, tuseme umenishawishi robo. Nianzishe chama? Nimeangalia sheria ya vyama ya 2011. Wanachama 1,000 katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti. Yaani kaunti 24, watu elfu 24, kila mmoja na kitambulisho na saini. Na ofisi huko kote. Mimi nauza simu za mkononi zilizotumika. Hiyo sheria ya kuzuia vyama vya kikabila inazuia na vya maskini.

---

Nyar Nyakach

Ndiyo maana watu hununua vyama vilivyokwisha sajiliwa. Chama cha mfukoni kinakaa miaka minne kimelala, mwaka wa tano kinapata mnunuzi. Na chama cha kushoto kikisajiliwa nacho kinakuwa mali. Nadhani CPK walijikuta hapo 2022. Cheti kilikuwa na thamani kuliko wanachama, na wenye cheti wakakitumia.

---

Mwana Bondeni

Kijana, usianze na chama. Kuna mlango wa mgombea huru. Kwa kiti cha MCA, diwani wa bunge la kaunti, katiba inataka wapiga kura 500 wa wadi hiyo wakuunge mkono, na usiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Uchaguzi uliopita ada ya tume ya uchaguzi, IEBC, kwa MCA ilikuwa shilingi 5,000, kijana akilipa nusu. Wenye fikra kama zako wakijitokeza katika wadi za Kondele, Manyatta, Kaptembwo huku kwetu, Muhoroni, Mumias, kila mmoja huru lakini na ilani moja, mnakuwa na chama kabla ya cheti.

Na kaunti ya sasa ina baadhi ya kazi walizonyang'anywa madiwani baada ya 1969, kama zahanati na barabara ndogo. Katiba ya 2010 imezirudisha chini. Mlango uliofungwa mbele ya KPU uko wazi tangu 2013 na sijaona wa kushoto akiupita kwa makundi.

---

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Mgombea huru akishinda, mwaka wa kwanza atakuwa ameshamezwa na gavana. Nimewaona. Ukiwa peke yako katika bunge la kaunti, hata kamati ya maana hupewi. Lazima kuwe na kitu kinachowafunga pamoja, na kinachowaadhibu wakigeuka. Hicho kitu ndicho chama, kijana, upende usipende.

Pia tusisahau kwamba waliowahi kubeba bendera ya SDP leo ni magavana. Profesa Anyang' Nyong'o alikuwa mbunge wa kuteuliwa wa SDP, sasa ni gavana wa Kisumu. Orengo yuko Siaya. Wote kwa tiketi ya ODM. Kwa hiyo watu wa kushoto walifika kwenye kaunti, mwenye uzi. Chama chao ndicho ambacho hakikufika.

---

Kijana wa Kondele

Hapo Mwalimu umemaliza watu 😂 Mimi naishi chini ya mmoja wao na sijawahi kuona Azimio lolote likipita hapa Kondele.

---

Mwana Bondeni

Mwalimu, huo ndio mfano bora kuliko wote nilioutoa. Wasomi wa kushoto waligundua kwamba chama chao hakiwafikishi wakapanda gari la wengine, na ukipanda gari la mwenzako huchagui njia. Siwalaumu kama watu. Orengo alikwenda barabarani wakati kwenda barabarani kulikuwa na gharama. Lakini swali linabaki: kama 2002, badala ya kutafuta kura 24,000 nchi nzima, SDP ingezitafuta Ugenya na Kisumu Vijijini peke yake, ngazi ya diwani, ingekuwa wapi 2013 ugatuzi ulipoanza?

---

Nyar Nyakach

Ingekuwa imenyolewa na wimbi la ODM la 2007 kama wengine wote. Nilikuwepo. Mwaka ule hata ungekuwa umejenga shule kumi kwa mikono yako, bila karatasi ya ODM ungepata kura za mkeo na mama yako, na mama yako ungembembeleza.

Lakini 2013 na 2017 na 2022 watu wa huku walichagua MCA wa vyama vingine na wa kujitegemea hapa na pale, mchujo wa chama ukiwakera. Kwa hiyo juu tunafuata upepo, chini tunamwangalia mtu. Hapo nakubali kuna nafasi. Ndogo.

---

Mkulima wa Mumias

Mimi nangoja mtu aje kwenye mkutano wa wakulima. Tunakutana. Hata asipokuwa na gari. Asilete fulana, alete karatasi ya mkataba wa kiwanda tuisome pamoja, maana miaka 30 ni mirefu na hakuna aliyetusomea.

---

Mwana Bondeni

Mzee, mkutano unaofuata ni lini? Nina mwenzangu wakili Nakuru anayejua mikataba, asili yake Butere. Nitumie ujumbe faraghani. Kijana wa Kondele, nawe ukiweza panda matatu uje usikie wenyewe.

---

Kijana wa Kondele

Nauli nani analipa, chama?